Kusoma na Kufahamu

Neno kusoma limebebeshwa mzigo mkubwa katika shule zetu. Mtoto wa darasa la kwanza atamkaye ba, be, bi, bo, bu husemwa anasoma; kijana wa sekondari achambuaye riwaya husemwa anasoma; na Pwani husomwa maulidi. Tanzania Bara, mtaala wa darasa la I na la II wa mwaka 2015 uliweka mkazo katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na hapo utata wa neno hili huwa na madhara. Tahajia ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu sana. Hivyo mtoto aweza kutamka ukurasa mzima asielewe habari yake, na mwalimu akamwandikia “anajua kusoma”. Upungufu hudhihirika miaka ya baadaye, afikapo kwenye ufupisho na insha, naye hulaumiwa kwa uvivu.

Twapendekeza ripoti za shule na tafsiri za miongozo zitumie kusoma kwa sauti panapopimwa matamshi, na ufahamu, istilahi iliyokwisha kuzoeleka katika mitihani, panapopimwa maana. Safu moja ya alama igawanywe iwe mbili.