Kiganja kikining'inia, usiseme ni arosto

Mtumiaji wa unga akinyoosha mkono kiganja kikaning'inia, mtaani husemwa kwamba madawa yamemmaliza. Huenda kinachommaliza ni risasi, madini yale yale wavuvi wa Tanga wanayoyeyusha kutengenezea chubwi.

Mkasa mkubwa ni wa Iran. Mwaka 2016 hospitali za huko zilipokea watumiaji wengi wa kasumba waliokuwa na maumivu makali ya tumbo, choo kigumu na upungufu wa damu. Walipopimwa, risasi ilikuwa imejaa kwenye damu. Kasumba huuzwa kwa uzito, na risasi ni nzito na rahisi kununua. Mwenye tamaa hahitaji hesabu zaidi ya hiyo. Mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 2007 risasi ilitiwa kwenye bangi na watu wakalazwa. Heroini inayofika pwani yetu kwa majahazi kutoka Makran, pwani ya Iran na Pakistan, hutokana na kasumba ya Afghanistan, na hadi iwe kete imepita mikono mingi.

Risasi hushambulia zaidi mishipa ya fahamu inayoamrisha misuli. Mara nyingi huanza kushindwa ule unaonyanyua kiganja na vidole. Mshipa wa mguu nao ukishikwa, mtu hutembea akiburuta ncha za vidole. Hapa hata daktari huweza kuteleza. Aliyelewa unga akasinzia mkono umebanwa kwenye kiti, naye huamka kiganja kimelegea. Lakini ulegevu huo huja ghafla, kwa kawaida mkono mmoja, na mgongo wa kiganja hufa ganzi. Wa risasi huja polepole, huweza kushika mikono yote miwili, na ganzi huwa ndogo au haipo.

Tumbo nalo hudanganya. Arosto, yaani mateso ya kukosa unga, huja na kuharisha, makamasi, miayo na vinyweleo kusimama. Risasi hufunga choo huku tumbo likisokota. Wapo waliopasuliwa kwa kudhaniwa wana kidole tumbo, kumbe kipimo cha damu kingetosha.

Zipo dawa zinazoikamata risasi na kuitoa kwa mkojo, lakini mtu akiendelea kuiingiza ni kazi bure. Risasi pia hujificha mifupani kwa miaka mingi, na mishipa hupona taratibu, wakati mwingine nusu nusu. Ndiyo maana naithamini methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga, iliyoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011 na sasa inapatikana hospitali ya Bombo, hapa Tanga. Haiondoi risasi, ila humtoa mtu kwenye kete asiyojua imechanganywa na nini.

Ukiwa na ndugu anayetumia, na tumbo linamsokota au kiganja kimelegea, mpeleke hospitali. Mwambieni daktari ukweli wote: anachotumia, na kama huyeyusha chubwi au huvunja betri za magari. Kisha ombeni damu ipimwe risasi.