“1x2” Maana Yake Nini? Kumsaidia Mgonjwa Kuelewa Aliyoambiwa Hospitalini

Katika ziara zetu za kuwatembelea wagonjwa majumbani, tulimkuta bibi mmoja mwenye kisukari aliyekuwa ameacha dawa kwa muda wa wiki tatu. Alituonesha bahasha ndogo ya dawa, na juu yake palikuwa pameandikwa kwa kalamu: 1x2. Bibi alikuwa amefanya hesabu kama alivyofundishwa shuleni, moja mara mbili ni mbili, akawa anameza vidonge viwili kwa pamoja kila alfajiri kabla ya kwenda Misa ya kwanza. Na kwa kuwa alitaka kupokea Komunyo Takatifu, hakutia kitu kingine kinywani. Tumbo lilimsumbua, akaharisha, hatimaye akaamua kwamba dawa hiyo haipatani na mwili wake.

Bibi huyu si mkaidi. Alitii yote aliyoandikiwa, kadiri alivyoyaelewa. Alikosa tu mtu wa kumweleza kwamba alama ile humaanisha kidonge kimoja, mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Na kwamba metformin, ndiyo dawa aliyopewa, humezwa pamoja na chakula au mara baada ya kula ili isilisumbue tumbo.

Upande mmoja wa jambo hili unatuhusu sisi wenyewe kama Kanisa. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa hudai kujinyima chakula na kinywaji kwa muda wa saa moja kabla ya Komunyo, lakini maji na dawa havimo katika katazo hilo. Tena wazee, wagonjwa, pamoja na wale wanaowauguza, wanaruhusiwa kupokea hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Kufunga tangu usiku wa manane ni desturi ya zamani: Papa Pio XII alipunguza muda huo kuwa saa tatu mwaka 1957, na Papa Paulo VI akaufanya saa moja mwaka 1964. Hata hivyo wazee wetu wengi bado hufunga kama walivyofunga wazazi wao, nasi hatujawaambia vya kutosha kwamba uji wa asubuhi hauwatengi na meza ya Bwana. Makatekista wangeweza kulitaja jambo hili katika matangazo ya Dominika, na lingechukua dakika moja.

Lugha ya vipimo nayo ina mitego yake. Mtu huambiwa kuwa majibu yake ni hasi, akafadhaika, kumbe maana yake ni kwamba ugonjwa uliotafutwa haukuonekana. Mwingine husikia “chanya” akafurahi. Lakini neno linalotutia hofu zaidi ni “havionekani.” Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, akitumia ARV kwa uaminifu, huweza kupimwa wingi wa virusi na kuambiwa kwamba havionekani. Maana yake ni kwamba virusi vimepungua mno katika damu, hata kipimo hakivioni. Havijatoka mwilini. Akiacha dawa, huongezeka tena, mara nyingi baada ya wiki chache tu. Tumesikia watu wakitoa ushuhuda wa kuponywa, na karatasi hiyo wameishika mkononi. Hatupingi kwamba Mungu huponya. Twasema tu kwamba karatasi ile haikusema hivyo. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, humwelekeza mgonjwa kusali, na papo hapo kumpa tabibu nafasi yake.

Ndivyo ilivyo pia kwa kifua kikuu, ambacho kwa kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Baada ya miezi miwili kikohozi huwa kimetulia na mgonjwa amenenepa kidogo, naye hujiona amepona, wakati bakteria waliobaki wangali hai.

Sasa, familia ifanye nini? Kwanza, mgonjwa asiende peke yake ikiwa yupo wa kumsindikiza. Masikio mawili yaliyojaa hofu husikia machache. Pili, tuache kuliamini swali la “Umeelewa?” Katika malezi yetu, kumjibu daktari “hapana” huonekana kama utovu wa adabu, kwa hiyo kila mtu huitikia “ndiyo.” Swali bora ni hili: “Bibi, mjukuu wako akikuuliza jioni namna ya kumeza dawa hizi, utamwelezaje?” Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, kosa litaonekana pale pale, kabla halijafika nyumbani. Mhudumu akisahau kuuliza hivyo, mgonjwa mwenyewe aweza kusema: “Naomba nirudie uliyoniambia, unisahihishe nikikosea.” Hakuna daktari mwema anayechukizwa na maneno hayo.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo wamo walimu, wauguzi wastaafu na vijana wanaojua Kiingereza, nayo karatasi nyingi za hospitali huandikwa kwa lugha hiyo. Wanaweza kusaidia kuzisoma. Lakini wafanye hivyo kwa ridhaa ya mgonjwa, na walichokisoma kisiwe habari ya kibarazani. Ugonjwa wa mtu si ajenda ya jumuiya. Wala wasibadilishe dozi kwa maoni yao. Kazi yao ni kusoma na kuandika maswali, kisha kumrudisha mgonjwa kwa aliyempa dawa, akiwa amebeba dawa zote anazotumia, na za mitishamba pia.

Bibi yule alirudi kliniki akisindikizwa na mjukuu wake wa darasa la sita. Muuguzi aliwaeleza upya, na mtoto akachora jua na mwezi juu ya bahasha, kidonge kimoja chini ya kila mchoro. Siku za Dominika bibi hunywa uji kwanza, ndipo aende kanisani.