Kila Mmoja Aliona Kipande

Mwaka 2005, katika chuo kikuu cha Virginia Tech nchini Marekani, mshairi Nikki Giovanni alikuwa na mwanafunzi aliyeingia darasani amevaa kofia na miwani ya jua. Akiambiwa avue, alivua kwa shingo upande. Maandishi yake yalitisha, na chini ya meza aliwapiga wasichana picha kwa simu, hata wenzake wakaanza kukwepa kipindi. Giovanni hakumung'unya maneno: kijana aondolewe, la sivyo yeye anaacha kazi.

Mkuu wa idara, Lucinda Roy, akaamua kumfundisha peke yake. Hakuwa na amani. Alipanga na msaidizi wake neno la siri ambalo akilisikia tu, aite askari. Aliwaarifu pia polisi wa chuo na washauri nasaha, lakini kwa kuwa kijana hakuwa amemtishia mtu waziwazi, hawakuona la kufanya.

Baadaye polisi haohao walipokea malalamiko ya wasichana aliokuwa akiwasumbua. Desemba mwaka huohuo, mwenzake wa bwenini alitoa taarifa kwamba kijana huyo anazungumzia kujiua. Alipelekwa hospitali, akaamriwa kisheria atibiwe bila kulazwa. Hakuna aliyefuatilia.

Tarehe 16 Aprili 2007 kijana huyo aliwapiga risasi na kuwaua watu 32 chuoni hapo, kisha akajiua.

Tume ya uchunguzi ya gavana wa Virginia wakati huo, Tim Kaine, ilikuta kwamba dalili zilionekana na wengi, ila kila ofisi ilikalia faili lake. Wengine waliogopa kuvunja sheria ya usiri wa wanafunzi, ingawa sheria hiyo inaruhusu kusema pale uhai unapokuwa hatarini.

Mwaka 2008 jimbo la Virginia likavitaka vyuo vyake vya umma viwe na timu ya kutathmini vitisho, yenye polisi, wataalamu wa afya ya akili na wasimamizi wa wanafunzi. Kazi yao ni kuunganisha vipande: amesema nini, kwa nani, amepatwa na nini, ana silaha? Mara nyingi dawa huwa ni mshauri, matibabu au kuahirisha mwaka, wala si pingu. Na ni vizuri, kwa sababu ukimya na upweke si kosa. Wanafunzi wengi wenye huzuni hawamdhuru mtu, na wakimdhuru mtu huwa ni wao wenyewe.

Basi ukimwona mwenzako amebadilika ghafla, anaaga kama msafiri au anatamba kwa silaha, usisubiri uhakika. Mwambie mlezi wa wanafunzi leo, hata kama unachojua ni kidogo.