Kirangozi na Mnyapara: Juu ya Majina ya Kazi katika Bustani ya Mimea

Katika misafara ya karne ya 19 iliyokwenda kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, kujua njia na kusimamia watu zilikuwa kazi mbili, na kila moja ilikuwa na jina lake. Kirangozi alitangulia na bendera. Burton, aliyefika Kaze, palipo Tabora, mwaka 1857, aeleza katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alitozwa faini, na mshale mmoja ulichomolewa podoni mwake ili atambulike safari ya siku ile ikomapo. Mnyapara hakuhitaji ujuzi huo. Yeye alikuwa mkubwa wa kundi la wapagazi, na mambo ya mizigo, posho na ugomvi yalimhusu yeye.

Maneno haya mawili hayakuwa na bahati moja. Mnyapara, neno lenye asili ya Kinyamwezi, liliingia mashambani, katika kazi za barabara, hata gerezani, na leo lanuka kiboko. Kirangozi limemezwa na ndugu yake kiongozi, ambaye ni kila mwenye madaraka, ajue njia asijue. Hivyo lugha imebaki na majina mengi ya mwenye kuamuru, na machache mno ya mwenye kujua.

Upungufu huu waonekana wazi katika bustani ya mimea ya umma. Bustani ya namna hiyo si shamba, wala si mahali pa kupunga upepo tu. Kila mti una nambari katika daftari, mahali mbegu ilipotoka, mwaka wa kupandwa, na tawi lililokaushwa ili jina lake lipate kuthibitishwa. Hiyo ni kazi ya elimu. Kumwagilia, kupalilia, kulipa vibarua, kutengeneza ua na kupokea wageni ni kazi nyingine, nayo haina haya kwa ile ya kwanza. Huko Kew, Uingereza, ilikopelekwa mimea aliyoikusanya Grant katika safari yake ya 1860 hadi 1863, mkuu wa mimea hai na mkuu wa mimea iliyokaushwa walikuwa na vyeo viwili tofauti. Mfasiri wa Kiswahili aweza kuwaita wote wawili “mhifadhi”, na asionekane amekosea. Neno hilohilo ni la afisa wa misitu na la mtunza makumbusho. Tangazo la kazi likiandikwa hivyo, anayeajiriwa hutumia siku zake kwa vibarua na pampu ya maji, maana mti uliokauka huonekana na kila mtu, lakini daftari lisiloandikwa halionekani na mtu.

Madhara yake hudumu. Amani, katika Usambara, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, wakapanda miti ya nchi nyingi. Baadaye utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, na mwaka 1950 mkusanyo wa mimea iliyokaushwa ukapelekwa Nairobi. Miti ilibaki mlimani. Ushahidi wa majina yake ukawa nchi nyingine. Hapo waliotengana si watu wawili wa ofisi moja, bali kazi zenyewe, na hakuna mnyapara, hata awe hodari vipi, awezaye kuziba pengo hilo kwa jembe.

Kwa hiyo yafaa “mhifadhi wa mimea” liwe jina la mwenye daftari, na “msimamizi wa bustani” la mwenye vibarua, na mipaka iandikwe: msimamizi asing’oe mti kabla nambari yake haijafutwa kwa saini ya mhifadhi, naye mhifadhi asimtume kibarua pasipo kupitia kwa msimamizi.

Lakini bustani ikipandwa Tabora, katika nchi ya miombo, atatokea mtu wa tatu. Ni yule mfanyakazi wa kitalu aujuaye mtundu ungali mche, na asiyeuchanganya na myombo. Msimamizi atamwandika katika orodha ya ujira. Wanabotania huuita mti huo Brachystegia spiciformis, na katika daftari la mhifadhi, kando ya jina hilo, pana haja ya safu ya jina la Kinyamwezi, na nyingine ya jina la aliyelitaja.