Matumizi salama ya simu ya kitochi

Simu ya kitochi (pia: kiswaswadu) ni simu ya mkononi ya kawaida yenye vitufe, inayotumika hasa kupiga na kupokea simu, kutuma ujumbe mfupi (SMS) na kufanya miamala ya fedha. Jina la kitochi limetokana na tochi ndogo iliyowekwa kwenye simu nyingi za aina hiyo. Nchini Kenya huitwa pia kabambe au mulika mwizi.

Simu ya aina hii haina programu za kupakua, hivyo ni vigumu kwa mhalifu kuiingilia kutoka mbali kama anavyoweza kufanya kwa simu janja. Lakini laini iliyomo ndani yake ni ileile: inabeba jina la mwenyewe, kitambulisho chake na mara nyingi fedha zake. Kwa sababu mhalifu hawezi kupita kwenye programu, hupita kwa mtumiaji mwenyewe. Humpigia, humwandikia au humwomba amshikie simu kidogo. Kwa hiyo usalama wa kitochi hutegemea zaidi desturi za anayekitumia kuliko mashine yenyewe.

Makala hii inatumia mfano wa Murongo, kata ya Wilaya ya Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012. Murongo iko kando ya mto Kagera, ambao hapo ni mpaka wa Tanzania na Uganda. Ng'ambo yake ni Kikagati katika Wilaya ya Isingiro. Mahali kama hapo kitochi kinakutana na matatizo yote ya kawaida, na juu yake tatizo moja ambalo mtumiaji wa Dodoma au Morogoro halijui: mawimbi ya nchi mbili.

Simu yenyewe

Kitochi kilichoenea kuliko vyote ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi, vitufe vilivyofunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha vumbi kwa urahisi, na betri iliyodumu siku kadhaa. Simu za kitochi zinazouzwa leo Afrika Mashariki zimefuata mtindo huohuo, ila nyingi zina nafasi ya laini mbili na redio ya FM.

Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Huonekana kwa kubonyeza *#06#. Simu ya laini mbili huonyesha namba mbili. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizifungia simu bandia, yaani zile ambazo IMEI yake haikuwa halali, na watu wengi waligundua siku hiyo kwamba simu waliyoinunua kwa bei nafuu haishiki tena mtandao. Anayenunua simu, hasa ya mkononi kwa mtu au sokoni, anaweza kuihakiki kabla ya kutoa fedha kwa kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda namba 15090. Namba hiyo inafaa pia kuandikwa kwenye daftari nyumbani, maana simu ikishaibwa haiwezekani tena kuisoma.

Ujumbe mfupi mmoja hubeba herufi 160. Kiswahili kinatosha vizuri humo kwa kuwa hakina herufi zenye alama za pekee, lakini ikiingizwa alama moja isiyo ya kawaida nafasi hupungua hadi herufi 70, na ujumbe uliodhaniwa kuwa mmoja hutozwa kama miwili au mitatu.

Mawimbi ya nchi mbili

Simu hutafuta kwanza mtandao wa laini yake. Ikiukosa, hutafuta mwingine inaoruhusiwa kuutumia. Mawimbi ya redio hayasimami mtoni, kwa hiyo mtu aliyeketi upande wa Tanzania, nyuma ya kilima kinachozuia mnara wa kwao, anaweza kukuta simu yake imejiunga na mtandao wa Uganda bila yeye kuvuka mpaka. Kwa mitambo, mtu huyo yuko nje ya nchi. Gharama za kupiga hubadilika, vifurushi vya ndani huenda visifanye kazi, na hata kupokea simu kunaweza kutozwa, jambo ambalo halipo nyumbani. Salio huisha na mwenyewe hulalamika kwamba "wamemkata".

Eneo hili lina historia yake katika jambo hilo. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel ilianzisha huduma ya One Network iliyounganisha Kenya, Uganda na Tanzania, ili mteja wake apige simu katika nchi hizo kama yuko kwao. Celtel baadaye iliitwa Zain, kisha Airtel. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za simu baina yao chini ya mpango wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini Tanzania haikuwamo wakati huo. Bei hubadilika mara kwa mara, hivyo ni vema kuuliza mtandao husika kabla ya safari.

Dawa ya tatizo hili iko ndani ya simu yenyewe. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchagua mtandao, ambayo kwa kawaida imewekwa kiotomatiki. Anayeishi karibu na mpaka anaweza kuibadili ili achague mwenyewe, kisha akachagua mtandao wa kwao. Hasara yake ni kwamba mahali ambapo mtandao huo haufiki simu itakaa bila mawimbi kabisa, na wengi wakisahau mpangilio huo hudhani simu imeharibika. Njia nyepesi zaidi ni kutazama jina la mtandao kwenye kioo kabla ya kupiga. Ni tabia ya sekunde moja.

Tatizo la pili la mpakani ni la namba zenyewe, nalo halizungumzwi vya kutosha. Tanzania na Uganda zote hutumia namba za simu za mkononi zenye tarakimu 10 zinazoanza na 07. Namba zinazoanza na 075 Tanzania zilitolewa kwa Vodacom, na Uganda kwa Airtel. Maana yake namba ileile, tarakimu kwa tarakimu, inaweza kuwa ya mfanyabiashara wa ndizi Murongo na pia ya mtu mwingine kabisa Mbarara. Simu ikiwa imeshika mtandao wa Uganda, namba iliyohifadhiwa kwa 0 mwanzoni itapigwa kama namba ya Uganda. Ujumbe wenye habari ya bei, mahali pa kukutania au msiba wa nyumbani unaweza kumfikia mgeni.

Kwa hiyo namba huhifadhiwa kwa msimbo wa nchi: +255 kwa Tanzania na +256 kwa Uganda, na ile 0 ya mwanzo huondolewa. Alama ya + kwenye kitochi hupatikana kwa kubonyeza kitufe cha nyota mara mbili au kushikilia 0, kutegemea aina ya simu. Namba iliyoandikwa hivyo hufanya kazi pande zote za mto.

Wenye laini mbili, moja ya kila nchi, wanatakiwa kuangalia pia ni laini gani inayopiga na ni laini gani inayopokea fedha. Nchi zote mbili hutumia sarafu iitwayo shilingi, lakini thamani zake si sawa. Ujumbe wa Uganda kwa kawaida huandika UGX, wa Tanzania TZS au Tsh. Katika mauziano ya haraka sokoni, herufi hizo tatu ndizo za kusoma kwanza, kabla ya tarakimu.

Namba tatu za siri

Watumiaji wengi huchanganya namba tatu zilizo tofauti. Ya kwanza ni ya laini, inayoombwa simu inapowashwa kama imewekwa. Ikikosewa mara 3 laini hujifunga na kudai namba nyingine ya tarakimu 8, iitwayo PUK, iliyochapwa kwenye kadi laini iliponunuliwa. PUK ikikosewa mara 10 laini hufa kabisa, na hakuna fundi wa kuifufua. Hurudishwa upya tu na mtandao. Ya pili ni ya simu yenyewe, inayofunga vitufe au mipangilio. Ya tatu ni ya fedha, inayoulizwa kwenye menyu ya miamala kama *150*00# ya M-Pesa, huduma iliyoanza Tanzania mwaka 2008.

Namba ya fedha haina mtu mwingine anayestahili kuijua: si wakala, si mtoa huduma, si mtoto anayetumwa dukani. Hapa ndipo ushauri na maisha vinapogongana. Katika nyumba nyingi bibi au babu asiyesoma maandishi madogo ya kioo humpa mjukuu simu na namba ya siri, naye wakala humsaidia mteja kwa kubonyeza mwenyewe. Kumkataza tu hakumsaidii. Kinachowezekana ni mtu huyo kufundishwa kubonyeza tarakimu zake nne mwenyewe, hata kama hatua nyingine zote zinafanywa na msaidizi. Vitufe vya kitochi vina faida hapo: kitufe cha 5 huwa na kinundu kidogo kinachoweza kupapaswa, na kutoka hapo tarakimu nyingine hupatikana bila kuona. Mwaka wa kuzaliwa na 1234 ndizo namba ambazo mwizi hujaribu kwanza.

Kabla ya fedha kwenda, menyu huonyesha jina la mpokeaji. Jina hilo lisomwe. Aliyekosea namba anapaswa kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja, mara moja, kwa sababu fedha zikishatolewa na aliyezipokea kuzirudisha ni kazi ndefu.

Utapeli

Ujumbe mashuhuri wa matapeli Tanzania ni ule unaosema kwa namna hii au ile kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii. Hautaji jina wala kiasi. Nguvu yake iko hapo: hutumwa kwa maelfu ya watu, na miongoni mwao daima yupo aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu fedha muda huohuo, kodi ya chumba au ada ya shule, naye huona ujumbe umekuja kwa wakati wake. Msimu wa kuuza kahawa Karagwe na Kyerwa fedha nyingi hupita mikononi kwa siku chache, na aliye na deni la kulipa ndiye rahisi kunaswa. Anayepokea ujumbe kama huo ampigie anayemdai kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si kwa ile iliyoandika.

Wengine hupiga na kujitambulisha kama wafanyakazi wa mtandao, wakidai laini itafungwa. Mitandao ya Tanzania huwapigia wateja kwa namba 100, wala haiulizi namba ya siri. Wengine hutuma ujumbe wa uongo unaofanana na wa muamala, kisha hupiga wakiomba "warudishiwe" fedha zilizotumwa kimakosa. Ushahidi wa fedha kuingia ni salio lililoangaliwa kwenye menyu, si ujumbe, kwani ujumbe unaweza kuandikwa na mtu yeyote. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.

Laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha taifa. Laini ambazo hazikuwa zimesajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Msajili asiye mwaminifu anaweza kumwambia mteja kwamba kidole hakijasoma, akakichukua tena, na mara ya pili akasajili laini nyingine itakayouzwa kwa tapeli. Anayeshuku hilo hubonyeza *106# na kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Kosa likifanywa kwa laini hizo, mtu wa kwanza kutafutwa ni yeye.

Betri

Betri ya kitochi ni ya lithiamu. Mwaka 2007 Nokia iliwatangazia wateja kuwa betri milioni 46 za aina ya BL-5C, zilizotengenezwa na Matsushita, zingeweza kupata joto kali wakati wa kuchaji, ikazibadilisha bure. Aina hiyo bado inatumika katika simu nyingi, na nakala zake bandia ni nyingi. Betri iliyovimba, inayozunguka ikiwekwa juu ya meza, haichajiwi tena wala haitobolewi. Simu isichajiwe chini ya mto wa kulalia. Anayeacha simu kwenye banda la kuchajia, kwa sola au umeme, ni afadhali aache betri tu na kuondoka na laini yake.

Simu ikipotea

Hatua ya kwanza ni kuazima simu yenye laini ya mtandao uleule na kupiga 100 ili laini na akaunti ya fedha vifungwe. Hili hufanywa kabla ya kuitafuta simu. Baadaye hutolewa taarifa polisi, pamoja na IMEI kama iliandikwa, na laini hurudishwa kwa wakala aliyeidhinishwa kwa alama ya kidole cha mwenyewe. Laini iliyopotelea ng'ambo ya mto hufungwa kwa njia ileile, ila simu ya kuazimwa iwe na laini ya Tanzania: 100 inayopigwa kwa laini ya Uganda humfikisha mpigaji kwenye mtandao wa Uganda.