Rojo Linalogoma Bombani

Kaye ya kurasa 100, ile ambayo wanafunzi wa Kasongo huinunua mwezi wa tisa shule zinapofunguliwa, ina karatasi ya gramu 100 hivi. Kabla ya kuwa karatasi, nyuzi zake zilikuwa zikiogelea ndani ya bidoni nzima ya lita 20. Mashine ya karatasi haimwagiwi uji mzito. Inamwagiwa maji meupe yenye nyuzi za asilimia 0.5 hivi, yanayotandazwa juu ya wavu unaokimbia. Maji mengi yanapenya wavuni, mengine yanakamuliwa kati ya marola, na ya mwisho yanafukuzwa kwa mvuke. Kinachobaki ndicho mtoto anachoandikia kwa biki.

Kwa hiyo kiwanda cha karatasi, kabla ya kazi nyingine yoyote, ni kiwanda cha kuhamisha maji. Mgeni akiingia humo macho yake huvutwa na ile mashine ndefu inayotema karatasi upande wa pili. Fundi mkongwe yeye anategea sikio pampu. Zikibadili sauti, anajua siku imeharibika.

Kusini mwa Maniema, jimbo la Kongo ilimo Kasongo, hakuna kiwanda cha namna hiyo. Anayetaka kuona mti ukigeuka rojo na rojo likisukumwa bombani itambidi avuke Ziwa Tanganyika toka Kalemie hadi Kigoma, kisha ashuke mpaka nyanda za juu za Mufindi nchini Tanzania. Huko Mgololo, pembeni ya misitu ya misonobari ya Sao Hill, serikali ilijenga kiwanda cha Southern Paper Mills, kilichoanza kazi mwaka 1985 kikiwa na uwezo wa kutoa tani 60,000 kwa mwaka. Kenya ilitangulia: kiwanda cha Panafrican Paper Mills kilianza uzalishaji mwaka 1974 Webuye, kando ya mto Nzoia, kwa ubia wa serikali na kundi la Birla la India. Historia ya vyote viwili imejaa kufungwa na kufunguliwa. Webuye ilisimama mwaka 2009, na mwaka 2016 ikauzwa kwa familia ya Rai, ambayo pia ndiyo inayoendesha Mgololo.

Dhahabu nayo ina rojo lake, ila ni la mawe. Namoya, karibu na Salamabila huko Kabambare, jirani na Kasongo, dhahabu ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na kampuni ya Banro ya Kanada ikajenga hapo kiwanda kilichotangazwa kuwa katika uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Viwanda vya dhahabu vinavyosaga mawe na kuyachanganya na maji husukuma tope zito ajabu: kwa uzito, karibu nusu yake huweza kuwa jiwe lililosagwa, na bado linatiririka bombani. Sasa chukua rojo la karatasi. Tia nyuzi sehemu moja tu na maji sehemu tisa. Halitiririki. Unaweza kulishika mkononi, na ukiigeuza ndoo chini juu, linakaa humo humo.

Jiwe ni gumu na zito, uzi wa mti ni laini na mwepesi, na hata hivyo anayegoma ni uzi. Sababu ni umbo. Chembe ya mchanga ni kipande kifupi. Inagusa jirani yake na kuteleza. Uzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi, na urefu huo unazidi upana wake karibu mara mia. Uzi wa mkaratusi ni mfupi zaidi, haufiki hata milimita moja mara nyingi. Gramu moja ya nyuzi za msonobari zilizokauka ina nyuzi zaidi ya milioni moja, na kila mmoja unajikunja, unapita chini ya mwenziwe, unabanwa na wa tatu. Yeyote aliyetwanga sombe anaijua hali hiyo: maji yakiwa kidogo, majani yaliyopondeka yanakaa kama kichuguu ndani ya sufuria, na mwiko ukipita unaacha njia isiyozibika.

Wahandisi wanaupima ukaidi huo kwa ukolezi, yaani asilimia ya nyuzi kavu katika uzito wote wa rojo. Chini ya asilimia 1, nyuzi zinaelea kila mmoja kivyake, au zinaunda mafundo madogo yanayovunjika upesi. Kwenye asilimia 3 au 4 mafundo yameshikana, na ndani ya bomba rojo husafiri likiwa gogo moja laini, huku utando mwembamba wa maji ukililainishia njia ukutani. Hapo ndipo linapofanya kituko kimoja: kwa kasi fulani, rojo la nyuzi hupita bombani kwa msuguano mdogo kuliko maji matupu, kwa sababu nyuzi zinatuliza vurugu za maji. Likipita asilimia 6 au 7, mchezo umekwisha kwa pampu ya kawaida.

Pampu ya kawaida ni ya gurudumu lenye mapanga, ambalo mafundi wanaliita impela. Wazo lake ni la zamani. Mfaransa Denis Papin alikwisha kulifanyia kazi kabla karne ya 17 haijaisha. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, Mwingereza John Appold aliwashangaza watu kwa kuonyesha kwamba mapanga yaliyopindwa yanafanya kazi kuliko yaliyonyooka, tena kwa mbali sana. Impela inazunguka, inayarusha maji pembeni, na pale katikati panabaki upungufu wa shinikizo unaovuta maji mengine. Ni mashine rahisi, haina vali, na mtu mwenye spana anaweza kuifungua na kuirudisha.

Lakini kuvuta si kazi ya pampu. Pampu inapunguza shinikizo katikati yake, basi. Kinachoyaingiza maji ni uzito wa maji yenyewe na uzito wa hewa ya dunia iliyo juu yake. Maji yanaitika mara moja. Rojo zito haliitiki, kwa kuwa nyuzi zimeshikana na haziachani kwa msukumo mdogo kama huo. Linajenga daraja mdomoni mwa bomba, na impela inazunguka bure.

Karne ya 19 viwanda vya karatasi vilikwepa tatizo hilo kwa pampu za pistoni zenye vali za gololi, zilizokuwa zikisukuma rojo funda kwa funda. Baadaye zikaja pampu za parafujo pacha, vyuma viwili vinene vinavyozunguka pamoja na kulilazimisha rojo lisonge mbele. Zilifanya kazi. Zilikuwa pia ghali, nzito, na kila kipande cha chuma au cha ganda la mti kilichoponyoka kwenye chujio kiliacha kovu ndani yake. Wengi wakachagua njia ya mkato: ongeza maji.

Njia hiyo ina bei yake. Tani moja ya nyuzi kwenye ukolezi wa asilimia 3 inasafiri na tani 32 za maji. Kwenye asilimia 10 inasafiri na tani 9. Tofauti ni tani 23 za maji zisizo na kazi ila kubeba, na hazibebi bure. Katika kuosha na kung'arisha, rojo hupashwa moto pamoja na dawa. Kuzipasha tani 23 hizo toka nyuzijoto 30 hadi 70 kunahitaji joto la kilowati-saa 1,000 hivi kwa kila tani ya nyuzi, kama halirudishwi. Mapipa nayo inabidi yawe makubwa, mabomba mapana, na maji machafu yanayorudishwa mtoni yanaongezeka. Kwa kiwanda kilichokaa kando ya mto mmoja ambao watu wa chini wanaunywa, hilo si jambo la hesabu za ofisini peke yake.

Aliyelitegua fumbo alikuwa Mfini, Johan Gullichsen, profesa wa Helsinki na mjukuu wa Walter Ahlström, wa ukoo ulioipa jina lake kampuni kubwa ya mbao, karatasi na mashine. Yeye na mwenzake Esko Härkönen walichukua rojo zito, wakalitia ndani ya chombo chenye rota ya meno, wakapima nguvu inayohitajika kuizungusha. Mwanzoni rojo lilikataa kabisa. Rota ilihitaji nguvu nyingi hata kusogea. Wakaongeza kasi. Nguvu ikapanda. Wakaongeza tena, na hapo rojo likabadili tabia: mafundo yakapasuka, nyuzi zikaachana, na mstari wa rojo kwenye grafu ukakutana na mstari wa maji. Matokeo hayo waliyachapisha mwaka 1981.

Kwa lugha nyingine, rojo la asilimia 10 likitikiswa vya kutosha linakuwa maji, na likiachwa linarudi kuwa bonge, haraka, kabla hata halijafika mbali. Miaka mingi watu walikuwa wakilitazama likiwa limelala, wakaamini kwamba huo ndio mwili wake.

Pampu iliyozaliwa na jaribio hilo, iliyotengenezwa na Ahlström, kwa nje haitofautiani sana na pampu yoyote ya impela. Siri iko mdomoni. Mhimili wa impela umerefushwa mbele, ukavikwa vyuma virefu vinavyochomoza hadi ndani ya bomba la kusimama ambamo rojo linashuka. Vyuma hivyo vinazunguka pamoja na impela na kulivuruga rojo palepale kabla halijaingia. Linapoifikia impela tayari ni kimiminika, na impela inalirusha kama inavyorusha maji.

Kulikuwa na adui wa pili, mkimya zaidi. Rojo zito hubeba hewa nyingi iliyonaswa kati ya nyuzi. Kwa ujazo, huweza kupita asilimia 10. Mchanganyiko wa namna hiyo ukizungushwa kwa kasi hutengana: kizito kinakwenda pembeni, chepesi kinabaki katikati. Na katikati ya impela ndiko mlango ulipo. Hewa inajikusanya hapo, puto linakua, rojo linakosa pa kupitia, pampu inanyamaza. Wafini hawakupigana na puto hilo. Waliliacha lijikusanye, wakatoboa matundu kwenye impela, na nyuma yake wakaweka pampu ya ombwe inayoinyonya hewa na kuitoa nje. Kati ya mawazo yote mawili, hili la pili ndilo linalostahili sifa kubwa zaidi, ingawa vitabu hulipa mistari michache: kuvuruga rojo mtu yeyote mwenye nguvu angeweza kukubuni, lakini kuigeuza kasoro ya pampu kuwa kichujio cha hewa kunataka jicho.

Wakati Mgololo inawashwa mwaka 1985, pampu za ukolezi wa kati, kama zinavyoitwa, zilikuwa zimeanza kuenea duniani. Leo viwanda vikubwa vya rojo huosha na kung'arisha kwa ukolezi wa asilimia 8 hadi 15, jambo ambalo bila pampu hizo lilikuwa gumu na la gharama.

Je, pampu hiyo ingefaa kiwanda cha dhahabu kinachosukuma tope? Hapana, na sababu yake inaonyesha jinsi neno rojo linavyoficha vitu viwili visivyo na udugu. Tope la mawe halishikani, linazama. Mwendo ukipungua, chembe nzito zinatua chini ya bomba, zinajenga kitanda, na bomba linaziba. Kwa hiyo mhandisi wa dhahabu anaogopa bomba lenye mwendo wa polepole. Anaogopa pia kasi ya impela, kwa sababu kwarizi hula chuma. Ndiyo maana pampu za tope huzungushwa polepole kiasi, impela zake zikiwa nene, za chuma cha kromu au zilizovikwa mpira. Pampu ya Wafini, yenye vyuma vyake vinavyokimbia mdomoni, ingesagika huko baada ya muda mfupi. Na pampu ya tope, mbele ya rojo la nyuzi la asilimia 10, ingekaa inazunguka mahali pamoja.

Wachimbaji wadogo wanaokausha mashimo kwa motopompe wanakutana na matatizo yote mawili kwa siku moja bila kuyapa majina. Mchanga unakula impela taratibu, na hiyo ni hasara ya miezi. Mizizi na majani yaliyooza yanajifunga kwenye chujio la bomba la kuvutia, na hiyo ni hasara ya dakika kumi. Mchanga ni mwendo wa mawe. Mizizi ni mwendo wa karatasi.

Kasongo ina malighafi yake ya nyuzi: mabua ya mpunga. Mpunga umelimwa huko tangu zama za mfanyabiashara Tippu Tip, karne ya 19, na mabua, baada ya mavuno, aghalabu huchomwa au huachwa yaoze. India na China zimetengeneza karatasi ya mabua kwa miaka mingi, kwa hiyo wazo si ndoto. Ila anayelifikiria ajue kwamba mabua yana nyuzi fupi, zinazoachia maji polepole kwenye wavu, na yana silika nyingi, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Silika inaganda ndani ya mitambo ya kurudishia dawa, na inaparuza chuma. Rojo la mabua lingegoma kama karatasi na kula pampu kama dhahabu.

Kwa karakana ndogo ya karatasi ya mabua, pampu ya Gullichsen isingekuwa chaguo. Inataka umeme wa kutosha usiokatika na pampu ya ombwe pembeni yake, na faida yake huonekana pale tani zinapohesabiwa kwa mamia kila siku. Kinachofaa ni impela iliyo wazi, yenye mapanga mawili au matatu mapana, rojo likiwa asilimia 3 au pungufu, bomba la kuvutia fupi na pana, na pipa likae juu ya pampu ili rojo lishuke lenyewe. Sahani iliyo mbele ya impela iwe ya kusogezwa, kwa sababu nafasi kati ya viwili hivyo inapaswa kuwa chini ya milimita moja, na silika itaipanua. Fundi akiweza kuirudisha sahani mahali pake kwa boliti tatu, jioni, bila kuagiza kipuri toka Bukavu, karakana itafanya kazi kesho yake.