Mwanangu na Daftari la Kampeni

Mwezi wa Novemba mwaka 2020 mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na umri wa miaka 20, aliacha kula. Alilala mchana kutwa na mlango ameufunga. Mimi ni muuguzi, kwa hiyo kwanza niliwaza malaria, kisha homa ya matumbo. Alipimwa, hakuonekana na kitu. Mama mwenzangu uliyewahi kuishi na kijana wa namna hiyo unajua jinsi mawazo yanavyokwenda mbali: bangi? msichana? madeni?

Kumbe ilikuwa siasa.

Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa kijana mwingine kabisa. Kampeni zilipoanza mwishoni mwa Agosti, alijitolea kwa mgombea ambaye sitamtaja, wala chama chake, maana kisa hiki kingeweza kutokea katika chama chochote. Alikuwa akiamka kabla yangu. Fulana yake aliifua usiku akaivaa asubuhi. Alipanda milimani kwa bodaboda, akashuka sauti imekauka, mfukoni hana hata nauli. Posho aliyoahidiwa aliiona mara mbili tu, na hakujali. "Mama, huyu ni tofauti," aliniambia. Nami nilifurahi, kwani wenzake wengi mtaani kwetu Morogoro mjini walikuwa wakishinda kijiweni.

Kilichomvunja moyo si kushindwa. Mgombea wake alishinda.

Sehemu kubwa ya kazi aliifanya katika kijiji cha mama yangu, huko juu Uluguru. Sisi Waluguru tunafuata ukoo wa mama, kwa hiyo kule yeye si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani mwenye wajomba na shamba. Wapambe walilijua hilo, ndiyo maana wakampeleka. Kijijini pale kuna mto unaovukwa kwa magogo mawili. Masika yakikolea, mikungu ya ndizi hubaki ng'ambo. Wajawazito nao hubaki ng'ambo. Nimewahi kumpokea wodini mama aliyebebwa kwa machela ya miti kutoka huko. Mama alipona, mtoto hakupona. Mbele ya watu hao mwanangu alifungua daftari kubwa alilonunua kwa pesa yake, akaandika mahitaji yao nyumba kwa nyumba, akawaambia daraja litajengwa. Hakusema, "Mgombea anaahidi." Alisema, "Mimi mjukuu wenu nawaahidi."

Wiki mbili baada ya kura alipiga simu ili alipeleke daftari. Haikupokelewa. Alikwenda mwenyewe, akaambiwa asubiri, na mwishowe mpambe mmoja akamjibu mbele ya wenzake: "Kampeni zimekwisha, dogo. Hilo daftari kafungie maandazi."

Aliponieleza hayo, nilijibu kama wengi wetu tunavyojibu: "Si nilikwambia siasa ni mchezo mchafu?" Ulikuwa uongo, sikuwahi kumwambia. Aliitazama khanga niliyojifunga kiunoni. Ilikuwa ya kampeni. "Na wewe, Mama, ulichukua," akasema. Nilikuwa nimechukua mbili.

Tusijifanye hatujui. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 2006, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Sheria zimekuja, khanga nazo zimeendelea kuja, na zimekunjwa katika makabati yetu sisi akina mama.

Wala mwanangu hakuwa peke yake. Mwaka 2015 walipiga kura kama theluthi mbili ya waliojiandikisha. Mwaka 2020 walioandikishwa waliongezeka kwa zaidi ya milioni 6, wakapita milioni 29, lakini waliopiga kura walikuwa karibu nusu tu. Tena tukumbuke kwamba mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu mwaka 2016 hadi Januari 2023. Kijana wa umri wake siasa aliyoifahamu ni ile ya wakati wa kampeni tu: muziki, fulana, ahadi, halafu kimya.

Krismasi ilipokaribia alikataa kwenda kwa bibi yake. Hapo ndipo nilipoutambua ugonjwa wenyewe. Alikuwa na aibu.

Nikampelekea kaka yangu habari. Alishuka kutoka milimani, akakaa na mpwawe, wala hakumhubiria. Alisema tu, "Mjomba, lete daftari." Kisheria mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, na hutakiwa kukutana kila miezi mitatu. Mwezi wa Januari tulipanda pamoja. Mwanangu alisimama akaomba radhi, mikono ikimtetemeka. Bibi mmoja mkongwe akaomba nafasi. Alisema alikuwa msichana mwaka 1955, wakati Waluguru walipokataa kulimishwa kwa lazima matuta ya ngazi ambayo Wazungu waliyasifu, hata kukatokea ghasia. "Maneno ya wageni tumeyazoea, mjukuu wangu," akasema. "Wewe ulituuma kwa sababu ulisema 'mimi'."

Kisha wakamwambia asome daftari. Alisoma kuanzia ukurasa wa kwanza, watu wakisahihisha majina na kubishana kuhusu mipaka, mpaka jua likaelekea kuzama. Daraja likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano. Usiku ule alikula ugali kwa bibi yake, akaongezewa.

Daraja la zege halijajengwa. Wajomba walichanga nguvu, magogo sasa ni manne na yamefungwa waya. Daftari linakaa kwa kaka yangu, na mwanangu huhudhuria mkutano kila anapokuwa huko. Lakini kampeni za mwaka 2025 zilipokuja na fulana mpya, hakuipokea. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, siku ya kupiga kura, vurugu zilipozuka nchini na watu wakapoteza maisha, yeye alikuwa shambani kwa mjomba wake, nami nilipiga magoti nikashukuru. Baadaye kitandani nikajiuliza kama kweli hilo ndilo nililokuwa nikimwombea, awe salama kwa sababu haamini tena. Sijapata jibu. Kulipokucha nilizitoa khanga zile mbili kabatini, nikazikata matambara ya kupigia deki.